Ugua Pole, Kompyuta

Kompyuta ya Bi Swabaha iliugua Jumamosi asubuhi, na kufikia adhuhuri mtaa mzima wa Kibokoni ulikuwa na habari. Alaa! Mtu huweza kulala na homa wiki nzima asijuliwe, lakini kompyuta ilizimika asubuhi moja tu, habari zikafika mpaka kwa muuza kahawa. Na wa kulaumiwa ni Swabaha mwenyewe, maana ilipozimika alikimbilia dirishani akapiga ukelele, "Yanifia! Jamani, yanifia!"

Dirisha lake latazamana na la jirani yake Mwanabaraka, na juu ya kichochoro, kati ya nyumba zao mbili, pana wikio, kile kidaraja cha zamani wapitacho wanawake kutoka ghorofa hii hadi ile bila kushuka njiani. Mwanabaraka, mjane wa makamo ambaye masikio yake hayajapata likizo, akatokeza kichwa.

"Nani mgonjwa, shoga? Ni Faraj?"

Hapo ndipo Swabaha alipojichongea. Angalisema ukweli yote haya yasingalikuwa, lakini ukweli wenyewe alikuwa ameuficha mwaka wa pili sasa. Alikuwa anasoma. Mwanamke wa miaka arubaini na sita, mama wa binti aliyekwisha olewa Malindi, anasomea diploma ya lishe katika chuo cha mtandaoni, na aliyejua ni mumewe Faraj peke yake, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, naye aliapishwa asifungue mdomo. Aliogopa jicho la watu. Zaidi ya jicho, aliogopa kuchekwa. Alitolewa skuli akiwa kidato cha pili akaozwa, na tangu siku hiyo amekuwa mtoto wa Athmani, kisha mke wa Faraj, kisha mama Ruweida. Alitaka karatasi moja duniani iliyoandikwa Swabaha, basi. Aipate kwanza mkononi, halafu watu wajue.

Na mtihani wa mwisho ulikuwa Alhamisi iliyofuata. Chuo kilisema haufanywi kwa simu, ni kwa kompyuta tu, na ndani ya kompyuta itiwe programu ya kulinda mtihani. Programu hiyo humtazama mtahiniwa kwa kamera toka mwanzo hadi mwisho, ihakikishe yuko chumbani peke yake. Mara ya kwanza aliukosa kwa sababu stima zilikatika. Akiukosa na huu, anafutwa chuoni, miaka miwili yote iende na maji. Na asubuhi hiyo, kila alipojaribu kuisakinisha ile programu, ilipanda vizuri mpaka asilimia tisini na tisa, kompyuta ikatoa pumzi, ikazimika.

Hayo hakuyasema. Alisema la kwanza lililomjia mdomoni.

"Ni kompyuta, shoga. Na ndani mna picha za kupamba za Ruweida!"

Lo! Bora angesema nyumba yaungua. Kupamba ni usiku wa wanawake watupu. Bibi harusi huketishwa juu atazamwe, na watazamaji nao hujiachia, vichwa wazi, mabega wazi, magauni ambayo mchana wa Mungu hayatoki kabatini. Mwanamume hachungulii. Kwa hiyo kila mwanamke wa mtaa alielewa palepale kwamba ndani ya lile kasha la kompyuta yumo na yeye, nywele zake na mabega yake, na sasa kasha li mahututi. Na wallahi nawaambia, ndani ya kasha lile hamkuwa na picha hata moja.

Jumapili wakaanza kuja kumzuru mgonjwa. Kwetu mgonjwa huzuriwa, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kusema leo siwataki. Hodi, karibu, waonaje hali, alhamdulillahi, na mgonjwa aendeleaje? Walipanda ngazi mmoja mmoja, wakakaa kwenye mkeka mbele ya kompyuta, wakaitazama kwa huruma. Mmoja alileta uji wa mtama. Wa nini huo uji? Aliuleta kwa mazoea, akafika nao mlangoni ndipo akakumbuka, akaona haya kurudi nao.

"Ugua pole," aliiambia kompyuta, kisha akamgeukia Swabaha haraka, "na wewe pia, mwanangu."

Kila mmoja alikuja na dawa, na dawa aliyokuletea mtu hairudishwi. Mwanabaraka alikuja na chetezo. Alikuwa amekata shauri kwamba kompyuta imepigwa jicho, akaifukiza udi mbele na nyuma, juu na chini, akainamisha chetezo mpaka moshi ukaingia vizuri kwenye matundu ya kasha. Si mara ya kwanza. Nyumba hiyo hufukizwa kila Alhamisi, na kompyuta, kwa kuwa yakaa ukumbini pamoja na vyombo vya heshima, hufukizwa nayo. Juu yake ilivaa kitambaa cha kroshia alichokifuma Swabaha mwenyewe, cha rangi ya maziwa, chenye vishada, kimefunika kasha lote gubigubi. Mgonjwa mwenye joto kama lile ungemvalisha sweta? Lakini nani angemwambia, na kitambaa ni kizuri hivyo?

Naye Shifa, jirani wa nyumba ya chini, mke wa mshona kofia, alikuja na karatasi ndogo ya kunata iliyoandikwa Mashallah kwa herufi za dhahabu. Alitafuta mahali panapofaa, akaona juu ya skrini pana kijicho cheusi kinamkodolea, akakichukia. Akakibandika Mashallah papo hapo, usoni.

Walipoondoka, Swabaha alifunga mlango akajaribu tena. Asilimia tisini na saba, tisini na nane, tisini na tisa. Puu! Giza. Aliketi mkekani akalia kweli, akiwa na bakuli la uji kando yake.

Faraj ndiye aliyemleta fundi Jumatatu, kisha akaenda zake kazini upesi. Fundi huyo akiitwa Kyalo, kijana mpole kutoka Machakos, mwenye kibanda chake karibu na Marikiti. Alipanda ngazi akakuta ukumbi umejaa mabuibui. Akaamkia, akaitazama kompyuta kwa mbali, akasema kwa nia safi, "Mama, hii mnipe niende nayo dukani, jioni nawaletea."

Ungedhani ameomba mtoto wa mtu. "Haitoki!" "Waenda nayo wapi?" "Nyie, mnasikia anavyosema?" Mwanabaraka alisimama mbele ya meza akatandaza mikono. Swabaha alijaribu kusema kwamba hapana neno, aende nayo, lakini wote walimgeukia wakamtazama kwa mshangao, na Shifa akamwambia, "Za kwako wewe wazitoa, na zetu je?" Swabaha akarudi nyuma. Uongo aliutunga mwenyewe, sasa umekaa kiti cha mbele.

Shauri lililokatwa lilikuwa hili: fundi aitengeneze papo hapo, lakini skrini asiione. Wakatwaa leso mpya ya kujitanda wakaifunika gubigubi, na Shifa, aliyesoma zaidi ya waliokuwapo, akatiwa kichwa chini ya leso awe akisoma kilichoandikwa.

"Sasa, mama," Kyalo akasema, "nitatengenezaje kitu nisichokiona?"

"Uliza, utajibiwa," Mwanabaraka akamwambia. "Daktari wa kweli huuliza."

Kyalo akakuna kichwa. "Haya. Pameandikwa nini hapo?"

"Kiingereza," ikatoka sauti chini ya leso.

"Kinasemaje?"

"Yaomba radhi. Yasema pametokea tatizo."

"Tatizo gani?"

"Haikusema. Imeomba radhi tu, kisha ikanyamaza. Ina adabu."

"Pana mahali pa kubonyeza?"

"Pana ndiyo, pana hapana. Yauliza kama twaruhusu hii programu ibadilishe mambo humu ndani."

"Bonyeza ndiyo."

"Usibonyeze!" wakapiga kelele wote. "Ikibadilisha, picha zikatoka nje?"

"Nimebonyeza hapana," Shifa akasema kwa fahari.

Wakaenda hivyo muda mrefu. Kila kompyuta ilipoomba ruhusa, ilinyimwa. Iliuliza iendelee, ikaambiwa hapana. Iliuliza ijaribu tena, hapana. Mwisho iliuliza kama ifute kila kitu na kuanza upya, na kwa kuwa Shifa alikuwa amechoka na joto la chini ya leso, kidole kilikuwa kimeshaelekea ndiyo, ila Swabaha alimdaka mkono kabla haujafika. Mle ndani mlikuwa na kazi zake zote za chuo.

Kyalo naye, masikini, alikuwa ameegemea kasha, na mara akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria. "Mama, hii yaungua!" Akakivua kile kitambaa cha kroshia, akafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi, akachungulia. Feni haikuonekana. Palipokuwa na feni palikuwa na donge jeusi linalong'aa, linanata, limeviringwa na nyuzi za kroshia.

"Kuna mtu anavuta sigara humu?" akauliza.

Mabuibui yakapandwa na hasira. "Sigara! Nusa, nusa vizuri!" Kyalo akainama akanusa. Akainuka macho yamemtoka. "Yanukia kuliko mimi," akakiri.

Alikwangua udi wa miaka humo ndani kwa brashi ya poda ya Swabaha, akakata nyuzi kwa wembe, na feni ikazunguka kwa mara ya kwanza tangu harusi ya Ruweida. Kompyuta ikawaka, ikatulia, haikuzimika. Swabaha akamnong'oneza Shifa chini ya leso, "Ikiuliza chochote, sema ndiyo, mimi ndiye mwenye nyumba," na programu ikapanda mpaka mia. Ila sasa, Shifa akasoma, kamera ilikuwa haioni kitu, giza totoro. Kyalo aliuchomoa waya akauchomeka, akauhamisha tundu, akamwagiza Shifa aitoe programu ya kamera aitie tena, akaanza kutokwa na jasho. Alisema huenda kamera imekufa. Wote wakasema inna lillahi, kisha wakaulizana kama hiyo husemwa kwa kamera.

Leso ndiyo iliyomaliza kesi. Iliteleza yenyewe ikaanguka chini. Wanawake wakapiga mayowe wakafunika nyuso zao kana kwamba wao ndio waliofunuliwa, na Kyalo akafumba macho kwa mikono yote miwili akageukia ukutani. "Sijaona kitu, mama! Naapa sijaona!" Katika zogo hilo Swabaha peke yake ndiye aliyetazama mbele, akaiona Mashallah ya dhahabu imekaa juu ya kamera. Akaibandua kwa ukucha, na kwenye skrini ikatokea sura yake mwenyewe, imechoka, ushungi umekwenda upande. Alifurahi kuiona.

Ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha, ndipo yalipoanza. Mgonjwa amepona, basi watu wataka kuona picha! Jumanne wakaja zaidi ya walivyokuja Jumapili, wamejipaka wanja, wameleta na jamaa zao wa Kuze. "Tufungulie, shoga, tujione." Swabaha akasema yataka kupumzika kwanza. Wakasema sawa, tutangoja, wakanyosha miguu. Akasema funguo ya picha yuko nayo Ruweida. Wakasema mpigie. Aliyatazama yale macho yaliyomtazama kwa hamu, akakumbuka Alhamisi, akakumbuka kamera na chumba kitakiwacho kuwa kitupu, akaona njia ni moja tu. Alikwenda nyuma ya kasha akauchomoa waya wa stima kwa kidole cha mguu.

"Imekufa," akasema. "Sasa imekufa kabisa. Na picha zimekwenda nayo."

Wallahi nawaambieni, pana watu wamekufa Mombasa hawakupata tanzia ile. Jumatano ngazi haikupumzika. Hapana aliyesoma hitima, msije mkatusingizia, lakini makiwa walimpa, na vyakula wakamletea. Kaimati, mahamri, halua, sambusa zilizorowa mafuta, sinia juu ya sinia. Mwanabaraka alilia machozi. Alisema usiku ule wa kupamba ndio wa mwisho aliovaa gauni lake la zari kabla hajafiwa na mume, na hakuwa na picha nyingine ya kujiona vile. Swabaha alimshika mkono, na hapo roho ikamuuma kweli. Alitaka kumwambia. Akampa kaimati.

Alhamisi mchana, watu wamekwisha kula na kulala, alifunga mlango wa njiani kwa komeo, akapanda, akachomeka waya. Programu ilimtaka aonyeshe chumba chote kwa kamera, akakionyesha, pamoja na masinia. Mtihani ukafunguka. Swali la kwanza lilimtaka aeleze madhara ya sukari na mafuta katika jamii ya pwani, na atoe mifano. Mifano ilikuwa kushoto kwake imepangwa. Aliandika kwa raha ambayo hajapata kuijua, vidole vyenyewe vikikimbia, akajibu na la pili, na la tatu. Mlango wa njiani aliufunga vizuri sana. Wikio alilisahau.

Mwanabaraka alikuwa hajalala. Asubuhi ile alikuwa amekumbuka kwamba harusi ile ilipigwa picha na Wendy, yule msichana mpiga picha wa Ganjoni, akaondoka na jua kali akamtafuta mpaka akampata, na Wendy, Mungu ampe kheri, alikuwa nazo zote. Alirudi na flashi ndani ya kitambaa cha hariri, akawakusanya akina Shifa, wakavuka wikio kwa vigelegele kumpelekea mfiwa habari njema. "Zimepatikana! Swabaha, zimepatikana!" Mlango ukafunguka pwaa. Wakaingia wote kwa pamoja.

Wakaikuta maiti inafanya kazi.

Kwenye pembe ya skrini, pale palipokuwa na sura moja, sasa palijaa sura. Maandishi mekundu yakaruka: watu wengine wameonekana, mtihani umesimamishwa. Shifa alijiona mle ndani kichwa wazi, akapiga yowe, akaitupia kamera leso. Maandishi mengine yakaja: mtahiniwa haonekani. Swabaha aliivuta leso, na hapo msimamizi wa mtihani mwenyewe, binadamu aliyeko huko aliko, akaanza kumwandikia.

"Hao ni nani?"

Swabaha akaandika, "Majirani. Wamekuja tanzia."

"Pole sana. Nani amefariki?"

Alifikiri. Hakuwa na nguvu ya uongo mwingine. "Kompyuta," akaandika.

"Kompyuta gani?"

"Hii."

Chumba kizima kilikuwa nyuma ya kiti, wanasoma kila neno, na polepole wakaanza kuelewa. Mtihani. Chuo. Jina lake juu kabisa, Swabaha Athmani, limeandikwa kwa herufi kubwa. Hakuna aliyecheka. Swabaha aliwageukia, machozi yanamtiririka, akasema, "Hamna picha humu. Hazikuwamo. Nasoma, jamani. Nikiukosa huu nafutwa."

Ujumbe ukaja. "Nimeona mambo mengi katika kazi hii. Watoke wote sasa hivi. Muda wako nausimamisha kidogo, kisha uendelee. Akionekana mtu mwingine nitaufunga."

"Tokeni!" Mwanabaraka alinguruma kwa sauti ambayo Swabaha hakujua anayo. "Tokeni, hamsikii? Mtu yuko kwenye mtihani!" Akawasukuma kama kuku, akafunga mlango nyuma yake, akakaa chini kwenye wikio akauegemea kwa mgongo. Kutoka hapo alitoa amri kwa mtaa mzima. Redio zikazimwa. Muuza kahawa alikatazwa kugonganisha vikombe vyake. Faraj aliporudi kutoka kazini akaambiwa akae barazani, nyumba ina shughuli, akakaa.

Na Swabaha, ndani, hakuweza kuandika hata neno. Toka azaliwe hajapata kusikia kimya kile. Alisikia feni ya kompyuta, alisikia meno yake mwenyewe. Swali la mwisho lilimkodolea macho akalikodolea. Alivumilia, alivumilia, mwisho akapaza sauti bila kuinuka kitini, "Hebu pigeni kelele kidogo, naomba! Mwaniua!"

Redio ikawashwa. Vikombe vikalia. Mtu akamgombeza mtu kwa ajili ya ndoo, na mkono wa Swabaha ukashuka kwenye kibodi wenyewe. Aliandika mpaka mwisho, akasoma tena, akabonyeza kutuma. Skrini ikasema umepokelewa. Aliketi palepale akausoma ule mstari, chini yake jina lake, akausoma tena.

Alipofungua mlango Mwanabaraka alikuwa bado chini, mguu umemfa ganzi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Alhamdulillahi." Hakuinuka. Alikuwa akiitazama flashi mkononi mwake. "Lakini umenikosea, Swabaha. Miaka miwili, mimi na wewe dirisha kwa dirisha. Ulidhani ntakuonea kijicho?"

"Ndiyo," Swabaha akasema, kwa kuwa hakubakiwa na lingine. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akakaa chini kando yake. "Naliogopa mtanicheka. Nisamehe, shoga yangu."

Mwanabaraka akamtazama, akatazama chumbani, pale kompyuta inapotoa sauti yake ya feni. Kisha akageuka akatazama nyuma, upande wa nyumba yake, akatazama na chini kichochoroni kama yuko mtu, akamsogelea mpaka ushungi ukagusana na ushungi.

"Hicho chuo," akanong'ona, "mtu aliyeishia darasa la sita wamchukua?"

"Wana masomo ya kuanzia. Wamchukua."

"Na mtu mzima kama mimi?"

"Watakuchukua."

Mwanabaraka akavuta pumzi ndefu. Akamshika Swabaha kifundo cha mkono, akakibana.

"Basi Shifa asijue," akasema.